POP inatoa 22.00, MO inatoa 23.40: alikali ni ileile, tufuate kiashiria kipi?

Mwalimu_Kemia_Masasi

Habari za majukumu, ndugu walimu na mafundi sanifu wa maabara. Ninafundisha Kemia kidato cha tatu na cha nne katika shule moja wilayani Masasi, na huu ni mwaka wangu wa pili kazini, kwa hiyo ninaomba mnivumilie iwapo swali langu litaonekana dogo.

Wiki iliyopita niliandaa taitresheni ya mazoezi, yaani kupima alikali kwa kuidondoshea asidi hadi kikomo, kwa kidato cha nne. Nilipima gramu 4.0 za vidonge vya sodiamu haidroksaidi, nikaviyeyusha katika maji ya mvua tuliyokinga shuleni na kujaza hadi lita moja, nikitarajia molariti (moli kwa lita) isiyo mbali na 0.1. Asidi ya haidrokloriki ya molariti 0.100 niliipata kwa mwenzangu wa shule jirani ikiwa imekwisha kusanifishwa, yaani molariti yake imehakikiwa, na kazi ya mikono yake ninaiamini. Kwa kuwa chupa ya fenolfthaleini, kiashiria kinachobadili rangi kuonyesha kikomo, yaani POP kama tulivyozoea kuiita, ilikuwa karibu kuisha, niliwagawa wanafunzi mafungu mawili. Fungu la kwanza lilitumia POP na la pili likatumia methili oranji, yaani MO. Wote walichukua cm³ 25.0 za alikali kwa pipeti, wakaziweka katika flaski, na asidi ikawa katika bureti.

Nilitarajia majibu yafanane, kwa sababu nilifundishwa, na mimi nimewafundisha, kwamba asidi kali na besi kali hukubali kiashiria chochote kati ya hivyo viwili. Haikuwa hivyo. Fungu la POP lilipata wastani wa cm³ 22.00 za asidi na fungu la MO likapata wastani wa 23.40, na ndani ya kila fungu vikundi havikupishana kwa zaidi ya 0.20. Jioni nilirudia mwenyewe, peke yangu, mara mbili kwa kila kiashiria, nikapata karibu yaleyale. Wanafunzi sasa wananiuliza molariti ya alikali ni 0.0880 au ni 0.0936, nami nimewaahidi jibu siku ya Jumatatu. Nifuate kiashiria kipi?

Jambo jingine ambalo labda halina uzito: vidonge vile vilikuwa vimeshikana kidogo ndani ya kopo, na vingine vilikuwa na utando mweupe kama unga.

---

Kijana_wa_Nachingwea

Mwalimu mwenzangu, tatizo hapo ni macho ya wanafunzi. POP ni rahisi, kwani rangi ya waridi ama ipo ama haipo. MO inatoka njano kwenda rangi ya chungwa, na mwanafunzi ambaye hajazoea huendelea kufungua koki mpaka aone nyekundu, akidhani kwamba hapo ndipo kikomo kilipo. Amekwisha kupitiliza. Mimi ningelitupa lile jibu la 23.40 na kubaki na 22.00, kisha nikawaonya wanafunzi kuhusu MO kabla ya mtihani wa Novemba.

---

Mstaafu_Mikindani

Vijana wangu, nimefundisha somo hili kwa miaka mingi hapa pwani kabla ya kustaafu, na swali hili nimelipata zaidi ya mara moja, hasa katika miezi ya mvua. Naomba nianze na hoja ya kijana wa Nachingwea, kwa sababu ina ukweli ndani yake ingawa haitoshi.

Ni kweli kwamba mwanafunzi hupitiliza kwa MO. Lakini anapitiliza kwa kiasi gani? MO hugeuka kati ya pH 4.4, ambako ni njano kabisa, na pH 3.1, ambako ni nyekundu kabisa. Mwisho wa taitresheni yenu flaski ilikuwa na karibu cm³ 48 za myeyusho. Kuufikisha myeyusho huo kwenye pH 4, penye rangi ya chungwa, kunahitaji ziada ya karibu cm³ 0.05 tu za asidi ya molariti 0.100, yaani tone moja. Hata kama darasa zima lingesubiri nyekundu kamili ya pH 3.1, ziada ingekuwa kama cm³ 0.4. Tofauti yenu ni 1.40. Hakuna macho mabovu ya kuifikisha hapo, na zaidi ya hayo mwalimu mwenyewe amerudia kazi akapata yaleyale.

Kwa hiyo kanuni uliyofundishwa, mwanangu, ni sahihi, na ukokotozi huo unaithibitisha. Kama flaski ingekuwa na haidroksaidi tupu, viashiria viwili vingepishana kwa tone moja, kwa kuwa karibu na nukta ya usawa, yaani pale asidi inapotoshana na alikali, pH huporomoka kwa ghafla kutoka kama 11 hadi kama 3 ndani ya cm³ moja hivi, na sehemu kubwa ya mporomoko huo, kutoka 10 hadi 4, ndani ya matone mawili tu, na POP, inayogeuka kati ya 10.0 na 8.3, na MO pia, zote zimo ndani ya mporomoko huo. Viashiria vimepishana kwa sababu flaski haina haidroksaidi tupu. Jambo ulilolitaja mwishoni kama lisilo na uzito ndilo lenye uzito wote.

Utando mweupe juu ya vidonge ni sodiamu kaboneti. Sodiamu haidroksaidi hunyonya unyevu wa hewa, na ikishalowa hunyonya kabonidayoksaidi kwa pupa. Kopo likifunguliwa mara kumi katika hewa yetu hii, ambayo hata chumvi ya mezani huigeuza tope, vidonge vinavyobaki si vile vilivyoandikwa kwenye lebo. Ulipima gramu 4.0 za mchanganyiko wa vitu vitatu, nao ni haidroksaidi, kaboneti na maji.

Sasa tazama kila kiashiria kinavyoiona kaboneti. Asidi inapoingia, kwanza humaliza haidroksaidi. Kisha huigeuza kaboneti kuwa haidrojeni kaboneti, na hatua hiyo inapokamilika pH ni kama 8.3, pale hasa POP inapopoteza rangi yake. Mwanafunzi wa POP hufunga koki hapo na kuandika usomaji wake, naye hana kosa lolote. Lakini kazi ya asidi imefika nusu tu kwa upande wa kaboneti, kwa maana haidrojeni kaboneti iliyobaki bado ina uwezo wa kupokea asidi na kuwa maji na kabonidayoksaidi. Hatua hii ya pili hukamilika karibu na pH 4, na kiashiria kinachoingojea hapo ni MO. POP huihesabu kaboneti nusu, na MO huihesabu nzima.

Sasa chukua karatasi. Tofauti ya 23.40 na 22.00 ni 1.40, nayo ni asidi iliyotumika katika hatua ya pili peke yake. Kwa kuwa hatua ya kwanza ya kaboneti ilitumia asidi kiasi kilekile, kaboneti yote ilitumia 2.80. Toa 2.80 katika 23.40, unabaki na 20.60 za haidroksaidi. Zidisha kwa 0.100 na ugawe kwa 25.0, utapata molariti ya haidroksaidi kuwa 0.0824, na kwa kaboneti, 1.40 kwa njia hiyohiyo inakupa 0.0056. Geuza kuwa gramu: 0.0824 mara 40 ni gramu 3.30 kwa lita, na 0.0056 mara 106 ni gramu 0.59 kwa lita. Jumla ni 3.89. Ulipima 4.0. Gramu 0.11 zilizosalia ni unyevu uliovifanya vidonge vishikane. Hesabu imefunga mlango wake yenyewe.

Utaratibu huu wa kutumia viashiria viwili katika alikali moja unajulikana kwa jina la Warder na umetumika tangu karne ya 19. Kwa hiyo darasa lako, pasipo kujua, limefanya jaribio zuri kuliko lile ulilowapangia.

Ama kuhusu kufuata kiashiria kipi, ningekujibu kwa kukuuliza: alikali hiyo unataka kuifanyia nini baadaye? Ukitaka kuitumia kupima asidi dhaifu, kama ile iliyomo katika siki, ambako kiashiria kitakuwa POP, basi tumia 0.0880 iliyotokana na POP, kwa sababu kaboneti itahesabiwa nusu mara zote mbili na kosa litajifuta. Ukiisanifisha kwa MO ukapata 0.0936, kisha ukapimia siki kwa POP, jibu lako la siki litazidi ukweli kwa zaidi ya asilimia 6, na hutagundua kamwe kosa limetoka wapi, kwa maana kila usomaji utakuwa safi. Kiashiria kilichotumika kuisanifisha alikali ndicho kiambatane nayo mpaka chupa iishe.

---

Mwalimu_Kemia_Masasi

Shikamoo mwalimu. Nimesoma maelezo yako mara tatu, nikayafanya yale mahesabu kwenye daftari, na ile gramu 0.11 imenifanya nicheke peke yangu katika ofisi ya walimu.

Nina wasiwasi mmoja. Nilitumia maji ya mvua kutoka kwenye tangi la saruji. Je, haiwezekani kwamba hiyo kaboneti imetoka kwenye maji na si kwenye vidonge? Ningependa nikisimama mbele ya wanafunzi niwe na ushahidi, si hesabu peke yake.

---

Fundi_Maabara_Lindi

Naomba nichangie kwa upande wa vitendo, kaka mwalimu, kwa kuwa kazi yangu ni kuandaa miyeyusho na kuosha vyombo, na mambo kama haya nakutana nayo kabla ya mwalimu kuyaona.

Wasiwasi wako kuhusu maji ni wa haki. Hapa kwetu Lindi visima vingi vimechimbwa katika mawe ya chokaa na matumbawe, na maji yake yana haidrojeni kaboneti ya kutosha kuharibu taitresheni nzima. Ukiyeyusha sodiamu haidroksaidi katika maji ya namna hiyo, myeyusho hugeuka mweupeweupe kwa sababu kalsiamu iliyomo hutoka kama chembe za kalsiamu kaboneti. Je, myeyusho wako ulikuwa na ukungu? Kama ulikuwa angavu, hiyo ni dalili njema, ingawa si ushahidi kamili. Tangi la saruji nalo, hasa likiwa jipya, huyapa maji ya mvua ualikali kidogo.

Jambo la kuangalia ni hili: haidrojeni kaboneti ikitoka kwenye maji huingia ndani ya alikali na kugeuka kaboneti, nayo huongeza usomaji wa MO pasipo kuugusa usomaji wa POP, kwa kuwa kile ilichokipunguza katika haidroksaidi hukirudisha kama nusu ya kaboneti. Kwa hiyo maji peke yake yangeweza kukuletea picha inayofanana na yako. Njia ya kutofautisha ni nyepesi. Pima kwa pipeti cm³ 25.0 za maji yaleyale ya tangi, tia matone mawili ya MO, kisha dondosha asidi yako ya 0.100 kutoka kwenye bureti. Ikigeuka rangi ya chungwa kwa tone moja au mawili, maji hayana hatia. Ikihitaji cm³ nzima au zaidi, umempata mchawi.

Ushahidi wa kaboneti wenyewe uko kwenye kabati lako la uchambuzi wa chumvi. Chukua alikali yako kidogo katika neli ya majaribio, ongeza myeyusho wa bariamu kloraidi, na kama kuna kaboneti utaona mashapo meupe. Mashapo hayo yatayeyuka kwa kutoa mapovu ukiongeza asidi ya haidrokloriki. Fanya mbele ya darasa, wanafunzi hupenda kuona mapovu.

Nikirudi kwenye vidonge: mimi huvisuuza. Napima kwa kuzidisha kidogo, kama gramu 4.5 badala ya 4.0, navitia katika bika ndogo, namimina maji yaliyochemshwa na kupoa, nazungusha kwa sekunde chache tu na kumwaga haraka. Kaboneti iko juu ya uso wa kidonge, kwa hiyo sehemu kubwa yake huondoka na maji hayo. Kisha nayeyusha vilivyobaki katika maji yaliyochemshwa, kwa kuwa kuchemsha hufukuza kabonidayoksaidi. Uzito sijali tena, kwa sababu molariti itapatikana kwa kusanifisha na wala si kwa mizani. Vaa glavu na miwani, maana maji hayo ya kusuuzia huunguza na huwa ya moto. Ipo njia nyingine ya kuyeyusha haidroksaidi katika maji ya uzito ulio sawa nayo, ambamo kaboneti haiyeyuki bali hutuama chini, nawe ukachota maji angavu ya juu baada ya siku kadhaa. Ni njia bora, ila kwa shule yenye haraka naona ile ya kusuuza inatosha.

Weka myeyusho katika chupa ya plastiki yenye kizibo cha kukaza. Alikali hula kioo taratibu na hung'ang'aniza vizibo vya kioo, na ndiyo sababu wengi wetu hupendelea kuweka asidi katika bureti za koki ya kioo na alikali katika flaski, kama ulivyofanya.

Tahadhari moja tu kwa walimu wapya: mkiambiwa mkanunue maji kwa mafundi magari, ulizeni vizuri, maana jina la maji ya betri hutumika kwa maji yaliyotoneshwa na pia kwa asidi ya salfuriki yenyewe. Nimewahi kuletewa dumu la pili kwa jina la lile la kwanza.

---

Kidato_cha_Sita_Newala

Shikamooni walimu. Mimi ni mwanafunzi, naomba niulize jambo lililo karibu na hili. Mwalimu mstaafu amesema siki ipimwe kwa POP. Sisi tulipima siki iliyozimuliwa kwa maji, tukaweka sodiamu haidroksaidi kwenye bureti. Kwa POP tulipata 20.60. Rafiki yangu alitumia MO kwa udadisi, na rangi ilianza kubadilika mara tu alipofungua koki, ikaendelea polepole kutoka nyekundu, ikapita rangi za chungwa za kila namna, na alipofika karibu na 6 ilikuwa njano kabisa. Hatukuweza kusema kikomo kilikuwa wapi. Je, hilo nalo ni kwa sababu ya kaboneti?

---

Mstaafu_Mikindani

Marahaba, mjukuu wangu. Hapana, kaboneti haihusiki hapo. Hilo ni jambo la asidi dhaifu, na rafiki yako ameliona vizuri kuliko ambavyo lingeweza kuelezwa ubaoni.

Asidi ya ethanoiki iliyomo katika siki haiachii haidrojeni zake zote kwa mkupuo. Ya molariti 0.1 huanza kwenye pH ya karibu 2.9, na ukiongeza alikali, pH haibaki chini ikisubiri mwisho kama ilivyo kwa asidi kali, bali hupanda mapema na kisha hutambaa polepole kwa muda mrefu, kwa kuwa asidi iliyobaki na chumvi iliyokwisha kuundwa hushikiliana na kuizuia isiruke. Nusu ya asidi inapokuwa imebatilishwa, pH ni 4.76. Lakini MO inakuwa njano kamili tangu pH 4.4. Ukikokotoa utaona kwamba kwenye pH 4.4 asidi iliyobatilishwa ni kama asilimia 30 tu. Asilimia 30 ya 20.60 ni 6.2, na wewe umeniambia karibu na 6. Kiashiria kimetimiza wajibu wake kikamilifu, kimekuonyesha ulipofika pH 4.4, ila pH 4.4 si mahali ulipokuwa unakwenda. Nukta ya usawa ya asidi hiyo na haidroksaidi ya 0.1 iko kwenye pH ya karibu 8.7, kwa sababu chumvi inayoundwa yenyewe ina ualikali kidogo, na hapo ndipo POP inapogeuka kwa tone moja.

Amonia na asidi ya haidrokloriki ni kinyume chake: usawa wao uko karibu na pH 5.3, hivyo POP hupotea mapema na MO hufaa. Amonia na siki kwa pamoja usijaribu kabisa kwa kiashiria cha rangi. Hakuna mruko wa ghafla hata kidogo, na rangi itakuyumbisha mpaka jioni.

Mtu akisema kiashiria huonyesha asidi imekwisha, msahihishe kwa heshima. Hakijui kama asidi imekwisha. Chenyewe ni asidi dhaifu au besi dhaifu yenye rangi mbili, kinachojua pH peke yake, na ni kazi yetu kuhakikisha kwamba pH hiyo inaangukia pale penye mruko. Kwa sababu hiyohiyo matone yawe mawili au matatu na yawe sawa kila mzunguko, maana kila tone la kiashiria nalo hudai sehemu yake ya asidi au alikali. POP ikizidi hutia ukungu, kwa kuwa imeyeyushwa katika spiriti na haipendi maji.

---

Kijana_wa_Nachingwea

Mwalimu, nimekubali kusahihishwa, na ninashukuru kwa lile hesabu la tone moja, ambalo sikuwahi kulifikiria. Swali dogo: POP yangu hurudi kuwa nyeupe baada ya kikomo, hata kama nimeacha waridi kabisa, pale alikali inapokuwa kwenye bureti. Wanafunzi huongeza tone jingine, na jingine.

---

Fundi_Maabara_Lindi

Ni kabonidayoksaidi ya hewani, na ya pumzi zao wanapoinamia flaski. Waridi hafifu ikidumu sekunde 30 huku flaski ikizungushwa, soma bureti na uandike. Ikififia baada ya hapo isikushughulishe. Na uwaambie waweke kigae cheupe au karatasi chini ya flaski, na si meza ya mbao iliyolowa rangi za miaka kumi.

---

Mwalimu_Kemia_Masasi

Ndugu zangu, nimerudi na majibu. Maji ya tangi yaligeuka kwa tone moja, kwa hiyo hayana hatia. Myeyusho wangu wa zamani ulitoa mashapo meupe kwa bariamu kloraidi, na mapovu yalionekana hata kwa waliokaa nyuma. Nilivisuuza vidonge vipya kama alivyoelekeza dada fundi, nikaandaa alikali nyingine kwa maji ya tangi lilelile yaliyochemshwa, na mafungu mawili yakapata 24.50 kwa POP na 24.60 kwa MO. Fungu la MO lilishangilia kana kwamba limeshinda mechi, ingawa hakuna aliyeshindwa.

Limebaki moja ambalo sikuliona mapema. Mwanafunzi mmoja wa kiume katika fungu la MO aliniambia kwa faragha kwamba yeye haoni tofauti ya njano na rangi ya chungwa, na kwamba siku zote amekuwa akiandika usomaji wa jirani yake. Nilimjaribu kwa flaski mbili bila kumwambia ipi ni ipi, na kweli hakuzitofautisha. Nimsaidieje? Mtihani wake wa vitendo hauko mbali.

---

Fundi_Maabara_Lindi

Kaka mwalimu, umefanya vizuri kumsikiliza, maana wengi huficha. Kwanza mweleze mkuu wa shule mapema, ili ombi la msaada wake wakati wa mtihani lipelekwe kwa utaratibu wake na si siku ya mtihani wenyewe.

Kwa mazoezi, mpe kiashiria cha bromokresoli kijani. Hugeuka kati ya pH 5.4 na 3.8, kutoka buluu kupitia kijani hadi njano, na wasioweza kutenga nyekundu na kijani kwa kawaida huitambua buluu inapoondoka. Kwa asidi kali na haidroksaidi itakupa usomaji uleule wa MO, na kwa kaboneti pia. Ipo vilevile MO iliyochanganywa na rangi ya buluu, inayotoka kijani kwenda zambarau kupitia kijivu. Baadhi yao humudu hiyo, wengine hawaimudu, kwa hiyo mjaribu kwanza. Na jirani yake amtengenezee flaski ya kulinganishia, yenye rangi ya kikomo tayari, kijana aiweke pembeni kwenye kigae, ili awe analinganisha flaski mbili badala ya kukumbuka jina la rangi.

Watu hupendekeza pia maji ya choya. Nimeyajaribu, yanatoka nyekundu kwenda kijani kwa uzuri wa kupigia picha, lakini yanabadilika taratibu mno kwa kusoma bureti, na kwa kijana huyo rangi hizo mbili ndizo hasa zinazomchanganya.

Nina bromokresoli kijani nusu chupa ambayo kwetu haina mtumiaji. Kama kuna mtu wa kwenu anayekuja Lindi wiki hii, mpe kichupa chenye kizibo cha kukaza, nitakijaza.